Daftari la Birika

Juni, Dundee, usiku haukomai.
Saa nne kasorobo jua bado linabarizi juu ya mto Tay
na bweni letu linatapika.

Birika kumi na moja, korido moja.
Mablanketi yenye lebo bado.
Kikaango kilichokaanga yai moja maishani mwake.
Na mchele, nusu pakiti, umefungwa kwa kibanio cha nywele,
umewekwa juu ya mfuniko wa pipa, si ndani:
aliyeuacha alisitasita.
Huyo nimemsamehe.

Senga, mwenzangu wa zamu, hupima kwa mkono:
"Kilo mbili hizo," husema, na hakosei sana.
Mimi nina mizani ya ndoano, ya kupimia samaki.
Natundika, nasoma, naandika.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na taka nazo ni mali
iliyokimbiwa na mwenyewe.

Ukutani pana bango, jani pana kuliko dirisha:
CHUO CHETU KINAPUMUA.
Chini yake radieta inaunguruma, Juni hii,
tumefungua madirisha yote ili tusiokwe.
Ufunguo wa kuizima anao fundi Geddes.
Fundi Geddes yuko likizo hadi Jumatatu.

Julai akaja binti wa ofisi ya mazingira,
mpole, baiskeli yake inadondosha matope kwenye sakafu niliyopiga deki.
Akaliazima daftari siku mbili.

Septemba ripoti ikatoka.
*Tani tatu na robo zimeokolewa.*
Hesabu ni yangu, naijua hata ikivalishwa suti.
Sikuona jina la Senga. Langu sikulitafuta
(nililitafuta, mara mbili).
Kurasa arobaini, karatasi nene, yateleza mkononi.
Nakala sitini zilizobaki zikashushwa kwenye chumba cha mapipa
zikiwa bado na ukanda wa plastiki.

Nikatundika moja kwenye ndoano.
Gramu mia nne na kumi.
Nikaandika.

Senga alicheka hadi akakaa juu ya ndoo.

Jioni ile mvua, na mtoto wa mwaka wa kwanza mlangoni,
soksi chapachapa, anauliza kama tuna birika.
Nikampa namba saba.
Mfuniko haushiki, nikamwambia,
uukandamize kwa kidole mpaka maji yachemke.
Akasema atazoea.