Kilimbili

Mara ya kwanza nilisema mkono,
na mkono kwetu unaanzia begani
unaishia kwenye ncha ya ukucha.
Daktari wa mtaa, kijana wa miwani,
akashika bega, akaliinua, akaliteremsha,
akaandika dawa ya kupaka.
Dakika zangu kumi zikaisha, nami sijafika.

Mara ya pili wakanipa mkalimani wa simu,
sauti kutoka sijui mji gani, nyuma yake mtoto analia.
Nikasema kilimbili, neno la bibi yangu.
Kimya.
Nikajaribu kiwiko.
Kiwiko kwangu ni hapa, penye saa na bangili;
kwake yeye ni pale unapoegemea meza.
Nikapelekwa picha. Picha ikatoka safi,
mfupa mweupe kama jino la maziwa:
kiwiko chake, si changu.
"Tunafurahi kukuarifu," ikasema barua.

Mimi mshona viatu. Mwaka wa kumi na moja huu
katika kiwanda nyuma ya stesheni ya Northampton,
ngozi ya ng'ombe nisiyemjua,
uzi uliopakwa nta,
vuta, zungusha, kaza,
vuta, zungusha,
na hapo kwenye kuzungusha ndipo anapoamka.
Namwita yeye, maana ana saa zake
na ana chuki zake: hapendi ufunguo,
hapendi kifuniko cha chupa ya achari,
hapendi birika likijaa.
Kukunja ngumi hakumsumbui.
Ndiyo sababu hawaniamini.

Wa mishipa ya fahamu alinichoma sindano za umeme,
vidole vikaruka kama bisi sufuriani;
akasema waya zote zinafika.
Wa baridi yabisi akasoma damu:
damu haina hasira na mtu.
Wa mazoezi akanipa mpira wa sponji, rangi ya chungwa,
nibinye asubuhi, nibinye usiku.
Mpira umechakaa.
Mmoja, jina lake simtaji,
akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Ipo. Sleyum ananifungulia chupa
kabla sijamwomba,
na hilo nalo linauma.

Yule mwenzangu wa mashine ya pili, Jadwiga,
alinipa bendeji ya mamake na ushauri:
usiende na maneno, nenda na kazi yako.
Nikacheka. Barua ya tano ilipokuja
sikucheka.

Leicester, Alhamisi, mvua ile isiyonyesha wala kukatika.
Ghorofa ya pili, saa nzima ya kungoja
chini ya picha ya mkono usio na ngozi.
Mwanamke mfupi, Bi. Threlfall,
kazi yake mikono tu,
kuanzia hapa, akajishika, mpaka hapa.
Akaanza kuniuliza, nami nimechoka kuulizwa,
nikafungua mkoba, nikaweka mezani
kiatu cha mguu wa kushoto, soli nusu,
uzi unaning'inia.
Nikashona.

Hakusema kitu. Alivuta kiti,
akaangalia kama mtu anayesoma herufi ndogo.
Nilipozungusha, akaushika mkono wangu hewani
na kidole gumba chake kikatafuta,
taratibu, upande wa kidole cha mwisho,
kishimo kidogo ambacho hata mimi
sikujua ninacho.

Nilipiga yowe. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Hapa," akasema Bi. Threlfall.
"Ni nini?"
"Sijui bado." Akatikisa kichwa. "Lakini ni hapa."

Miaka mitatu nimemngoja mtu aseme najua;
kumbe kiu yangu ilikuwa ya hilo neno dogo, hapa.
Ataniandikia picha nyingine, ya rangi itakayopitishwa ndani,
wiki kumi na nne, labda kumi na nane.
Akaniuliza pale mahali kwetu panaitwaje.
Akaandika pembeni mwa faili langu, amekosea herufi mbili,
sikumsahihisha.

Nikakirudisha kiatu mkobani.
Nikanyoosha mkono wa kushoto, kwa mazoea,
nikitafuta kitasa.
Hakipo. Mlango wake ni wa kusukuma.