Barafu, Toleo la Tatu

Munich, Novemba. Chumba namba mia na nne.
Mezani, ndani ya mfuko wa plastiki,
diski ya mwaka tisini na nne,
na lebo yenye mwandiko wangu wa penseli: BARAFU, TOLEO LA 3.
Nimekula kiapo. Nimetaja jina: Aune Kettukangas, wa Oulu,
umri sabini na moja. Kazi: nilikuwa nayo.

Swali ni dogo, anasema wakili Ziegenhals,
na swali dogo la wakili ni mwiba wa samaki:
ukurasa ule ulifundisha, au ulidokeza tu?

Nilitaka kumweleza baridi.
Manahodha walipiga simu usiku kucha
kuuliza unene wa barafu langoni mwa bandari,
nami nilikuwa na usingizi. Basi nikaandika ukurasa
ambamo tarakimu moja, moja tu, ilibadilika pale katikati
na maneno mengine yote yakatulia
kama watu wanaomsikiliza mtoto akihesabu.
Hiyo ndiyo hataza yao. Waliiomba
miaka minne baada ya usingizi wangu,
kurasa hamsini na mbili, na michoro ya mishale.

Dalili ya mvua ni mawingu;
Ziegenhals anataka wingu lenye tarehe na sahihi.

Sheria nayo imejizulia mtu:
fundi wa ujuzi wa kawaida.
Amesoma kila kilichopata kuandikwa, hata kijarida chetu cha bandari,
wala hajawahi kuwaza jambo lake mwenyewe.
Tangu asubuhi tunamgombania huyu asiyekuwepo.
Angeiona tarakimu yangu, angejipiga paja, aseme kumbe?
Au angepita tu, akitafuta kahawa?

"Je, ulifikiri njia hiyo ingefaa kwa jambo lingine?"
Sikuwa na jambo lingine, nikasema. Nilikuwa na barafu.
Mkalimani akasita.
Jaji Pöllath akaandika kitu kifupi.
Hata sasa sijui nilimsaidia nani.

Kabla sijashuka kizimbani
wakaifungua diski kwenye mashine ya kuazima.
Faili mbili. Ya kwanza, barafu.
Ya pili ikasomwa kwa sauti, kwa Kijerumani,
kwa uzito wote wa mahakama:
maziwa, mishumaa, hamira,
soksi za Eino.

Hakuna aliyecheka.
Ikapewa namba.