Kisiki cha Delmer

Boti aliniuzia kwa dola moja,
akaidai hiyo dola papo hapo,
akaipapasa kuhakikisha si risiti.
Macho ya kaka yangu yamebakiwa na pembe tu;
katikati, asema, kuna doa kama la oili
na doa hilo linameza kila anachokitazama.

Machi, Arkansas. Gereji ina baridi ya chuma.
Nimekwisha lipa, Coralee hajajua kiasi:
skrini moja ya inchi kumi na mbili badala ya mbili za saba,
betri ya lithiamu, nyepesi hata nikadhani nimeuziwa kasha tupu,
kihisi cha kutazama ubavuni,
na fyuzi nane, kwa kuwa Brantley wa dukani
alinitazama viatu, kisha akasema,
"Mzee, boti ikiwaka majini hakuna pa kukimbilia."

Deshibodi ina matundu kumi na moja.
Kila tundu ni uamuzi wa Delmer:
hapa palikuwa na kipima kina cha mwaka themanini na nne,
kile cha taa nyekundu inayozunguka;
hapa redio; hapa,
"Hapo nilikosea tu," asema, kidole kimo tunduni.
Nayaziba kwa gundi, moja moja.
Hilo la mwisho ananizuia. Tunaliacha.

Yeye ndiye mshika tochi.
Mwanga anaupeleka darini, kwenye kapu la nguo chafu,
lakini waya anaujua kwa vidole:
"Huu mwembamba. Utapata moto. Lete wa namba sita."
Na: "Nyaya za mota zipite kushoto, za sona kulia.
Ukizilaza kitanda kimoja zitapigana,
nawe utaona mvua kwenye skrini siku ya jua kali."
Namtii. Nakata, namenya, nabana,
napuliza joto mpaka mpira uufumbate waya.
Saa nzima hatusemi neno
ila "shika," "vuta," "bado."

Kisha drili.
Kuitoboa boti isiyo na kosa!
Nimepima mara tatu, nimebandika utepe,
nimechora msalaba kwa penseli, bado mkono unasita.
Kila aliyefundwa na maji anajua
tundu ni adui. Na hili nimelilipia.
"Toboa," asema Delmer. "Mimi sioni."
Tukacheka hadi Coralee akagonga ukuta.

*

Jumamosi, Ziwa Tull. Ukungu. Maji bado yana makali ya barafu.
Skrini inawaka bila hata tone la mvua.
"Linganisha mnara wa maji na paa jekundu la akina Stroud,
hesabu hadi arobaini, simama.
Chini yako kuna kisiki."

Miaka ishirini na sita amekivulia hicho kisiki,
amekitaja kwenye harusi tatu, mahali pake hajamtajia mtu.
Mara moja, akiwa na homa, alinichorea ramani;
asubuhi akaiomba, akaichoma kwenye sinki.

Nakiona. Futi kumi na nne.
Kina pembe nne. Kina bawaba.
Visiki havina bawaba.

"Delmer," nasema, "ni friji."

Kimya. Maji yanapiga ubavu polepole.
Natafuta neno la kumpoza, sina;
kihisi sikukinunua kwa ajili ya upole.
Anageuza uso kando, anipate kwa pembe ya jicho.
"Mlango wake," auliza,
"uko wazi au umefungwa?"

Nasogeza mshale, nakuza picha.
Kwenye rafu, mle mlimokaa maziwa ya mtu,
michirizi mitano myeupe imelala sambamba,
minene, haina haraka.

"Wazi," namwambia.

Tayari anafunga ndoana, uzi mdomoni,
uso ameuelekeza kwingine kabisa.