Viatu vya Khalfan

Siku ya mia na ishirini na tisa
nilitoka eda kama mtu avuaye koti lililolowa,
nikakuta miguu yangu imesahau kazi yake.
Ngazi tatu za mlangoni zilinitoa jasho.

Daktari, kijana mpole mwenye ndevu za jana,
akatazama karatasi ya sukari, akatazama uso wangu,
akaandika vidonge. Kisha, kwa mdomo tu:
"Na utembee, mama. Nje. Si sebuleni."

Amejuaje?
Sebuleni ndiko nilikokuwa nikitembea:
kutoka kiti chake hadi dirishani,
kutoka dirishani hadi kiti chake.

Ijumaa, kabla jua halijaota meno,
Zuwena akanipitia. Tukaegesha gari Riyam,
chini ya chetezo kile kikubwa cheupe
ambacho sijawahi kukiona kikitoa moshi.
Nilikuwa nimevaa viatu vya Khalfan,
na soksi mbili mbili ili visinivuke.
Zuwena aliviona. Hakusema neno.
Ndiyo maana ni rafiki yangu.

Mlima wa huku hauna jani la kukupepea.
Ni mawe, na rangi ya mawe, na kivuli cha mawe.
Mimi mzaliwa wa Wete, mtoto wa mikarafuu na mvua,
miaka arobaini nimeishi chini ya milima hii
nikiiita ukuta.

Kumbe ukuta una njia.
Juu ya mwamba mtu amepaka mistari mitatu:
njano, nyeupe, nyekundu.
"Ukiiona, umo njiani," alisema Zuwena.
"Usipoiona, rudi pale ulipoiona mwisho."
Nikalibeba neno hilo
kama kokoto iliyoingia kiatuni.

Tukapanda.
Goti la kushoto likafungua kesi yake.
Pumzi ikanikimbia kama mbuzi aliyekata kamba,
nikasimama, mkono kiunoni, nikamngoja arudi.
Saa ya mkononi, zawadi ya mkwe wangu,
ikatetemeka kunipongeza: hatua elfu moja!
Nikacheka. Kicheko kikatoka na kutu,
bonde likakirudisha,
nami nikageuka kutazama ni nani huyo.

Katikati ya njia kuna nyumba zisizo na paa,
kuta za mawe zimefika kifuani, mbuzi ndani yake.
Wanawake walipanda hapa na maji kichwani,
wala si kwa ajili ya sukari.
Niliona haya kidogo, na chupa yangu ya plastiki.
Tulikula tende tukiwa tumeegemea ukuta wao.
Nilidhani ninalia;
lilikuwa jasho, limepita shavuni likafika mdomoni.
Ladha ni ileile, ila jasho halikuulizi kitu.

Kutoka juu, Matrah ni ndogo.
Meli ya watalii imesimama bandarini, nyeupe kama friji.
Upepo ukanipiga kwenye baibui, ukaingia mikononi,
na kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini
sikumkumbuka.
Kisha nikamkumbuka, nikaogopa,
kisha sikuogopa.

Kushuka ndiko kugumu, goti linajua.
Hapo ndipo nilipohisi jambo kiatuni:
soli imelika upande wa nje,
kama alivyokuwa akitembea, akiyumba kidogo kulia
mithili ya mtu anayekupisha mlangoni.
Njia nzima mguu wangu ulikuwa ukilala
ulikokuwa ukilala wake.

Sokoni Matrah, muuza viatu akaniuliza namba.
Thelathini na nane, nikasema.
Nilikuwa sijaitamka kwa miaka.

Usiku ule nililala hadi adhana.
Nyonga zinauma, vidole viwili vina malengelenge,
na Zuwena ameshatuma ujumbe wa Ijumaa ijayo.
Kiti chake bado kipo.
Nimekisogeza kidogo tu, kisizibe mlango.