Paji na Kisogo

Depo ya mbao, Ndosho, tangu saa mbili asubuhi
nanusa.
Fundi Bitasimwa alinionya: usianze na macho,
macho hupenda rangi, na rangi huuzwa kwa kopo.
Mkaratusi hunuka dawa ya kifua.
Libuyu hunukia sanduku la bibi harusi.
Na ule ubao wa pembeni, mwekundu unaong'aa,
unanuka gari.

"Libuyu hilo, mama, la Walikale kabisa!"
Kavugho mwenye depo anaapa kwa watoto wake.
Nikaukwaruza kwa ukucha:
chini ya oili chafu ya injini
mkaratusi mchanga, mweupe,
ukanichungulia kwa aibu.
Hatukugombana. Alicheka, nikacheka,
bei ikashuka yenyewe.

Nyumba yangu ni mbao juu ya mawe meusi.
Ile ya kwanza iko chini ya mawe hayo hayo,
pamoja na sahani zangu na cherehani ya mama.
Kuta nimemaliza. Umebaki ukingo:
ubao wa kuziba vichwa vya kenchi chini ya bati,
na vipande vya kuzungusha madirisha.
Shemeji ananiuliza, unapamba nini
mahali ambapo mlima ukikohoa
tunabeba magodoro kichwani?
Mlima huja siku moja, namwambia. Mvua huja kila wiki.
Mimi na mlima tutaonana;
leo naongea na mvua.

Na mvua ya Goma si maji matupu.
Hupitia kwenye moshi wa Nyiragongo, ikashuka na uchachu,
ikala bati, ikala misumari,
ikaacha mchirizi wa kutu
kama mtoto aliyelia akalala bila kunawa.

Hela inatosha muvula wa upande mmoja.
Mmoja. Bitasimwa kapiga hesabu mara tatu
kwa penseli, kwenye kiganja chake.
Akasema: tuuweke mbele, wapita njia waone.
Nikamuuliza: na mvua, inapitia wapi?
Akageuka taratibu, akatazama mlimani,
akafuta kiganja kwenye suruali.

Chukudu moja ikabeba zote.
Muvula ukapanda nyuma, ambako hakuna mgeni.
Mbele mkaratusi, rangi ya kijani mikono miwili,
nitaubadilisha Mungu akipenda, asipopenda pia.
Kabla ya nyundo Bitasimwa alipaka vichwa vya kila ubao,
akavirudia, akavirudia tena:
mti hata ukifa, alisema,
bado unakunywa kwa miguu.
Kisha akachonga kifereji chembamba upande wa chini,
ili tone lijue pa kuangukia.

Jirani yangu Nzigire alishika kiuno:
"Ee! Umevisha kisogo, paji umeliacha uchi!"
Mtaa mzima ukacheka. Jina likanibaki, Mama Kisogo.

Miezi tisa. Mvua imekuja na kurudi,
imegonga, imelamba, imekwenda zake.
Jana jioni nilisikia hatua nyuma ya nyumba.
Nzigire, peke yake, amepanda juu ya jiwe,
vidole vya miguu vimekaza,
hatazami kitu.
Amefumba macho
na pua ameibandika kwenye ubao.