Mwalimu Doru, Masasi

Alikuja kwa mkataba wa miezi sita,
mwaka zilipooza korosho maghalani.
Leo tumehesabu: misimu thelathini na mmoja,
kushuka daraja mara nne,
kombe moja, sikio lake limefungwa kwa waya.

Filimbi ilipopotea alipiga mbinja.
Kiswahili chake kilibaki cha uwanjani,
"Toa haraka! Usilale!"
hata kwa Bi Somoe muuza mihogo,
akidai chenji.

Kwao Romania, anasema, theluji hufunika magoli.
Huku ni vumbi,
na miamba inatazama mechi bila tiketi.

Jana kamati imempa barua ya shukrani.
Akaisoma, akaikunja ndogo,
akaitegesha chini ya koni inayoyumba,
kisha akamwita Nannauka, beki wa miaka kumi na mitatu:
"Rudi. Tena."