Bahasha za Isyonje

Usianze na tunda. Tunda husema mwisho.
Yote huja yamefungiwa bahasha,
na bahasha haisomeki kwa nje.

Anza na jani. Lipitishe juu ya mdomo,
kama alivyotufundisha Shangazi Atupakisye
kati ya matuta ya viazi, Isyonje,
ukungu wa Mporoto haujatuachia miguu.
Likiwa sikio la ndama, huo ndio wetu.
Chungulia ua: la manjano, limeinama,
na ndani madoa matano ya zambarau nzito,
kana kwamba mtu kachovya vidole kwenye wino
akasahau kunawa.

Wa pili hauna manyoya. Shina lake lina kona,
ukilivunja ni bomba tupu.
Baridi yetu hauiwezi. Nadhani ulipanda lori la mpunga
kutoka Usangu, ukashukia Uyole
nyuma ya gereji, kwenye udongo wenye oili.
Tunda lake huijaza bahasha mpaka mishono inalia.

Wa tatu
una ua la samawati. Zuri mno.
Lwitiko alipasua bahasha zake kumi na moja,
akakuta punje kavu, kahawia, kama ugoro.
"Wameshakula," akasema, "wakafunga tena."
Tulicheka hadi tukaangusha jembe.

Siku hizi nalipwa kwa kazi hiyo hiyo.
Nagandamiza matawi ndani ya magazeti ya zamani,
natia uzito, nasubiri.
Gazeti hunywa rangi. Madoa hufifia.
Kuna karatasi moja kabatini, mwandiko wangu,
jina si lake; kwa miaka sita
hakuna aliyeniuliza.

Shangazi haoni tena. Jumapili nilimpelekea matawi manne.
La kwanza, mdomoni: "Hili letu."
La pili alilivunja, akapuliza kwenye shina.
La tatu hakuligusa; alisikia mbawa za bahasha
zikikwaruzana, akasema, "La Lwitiko."

La nne nililichuma ukingoni mwa shamba la pareto.
Lina kona. Lina manyoya, machache.
Madoa yapo, lakini kama yameanza kazi yakaitwa.
Alilirudia mdomoni mara tatu.
"Hili umelitoa wapi?"
Nikamwambia.
"Rudi ukaangalie kama yapo mengine."

Nimeandika mahali, tarehe, mwinuko, kwa penseli.
Pa jina nimepaacha.
Kesho nikiamka mapema, kabla hawajapalilia.